Goroli Hairekebishi Breki

(Maneno haya yalisemwa na fundi wa magari mbele ya vikundi vya kujisaidia vyenye gari la pamoja, huko Bonde la Kerio. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema.)



Niliombwa niseme juu ya kutunza gari la kikundi, lakini hilo ni somo la siku tatu, na embe zenu hazitangoja siku tatu. Kwa hivyo nitasema juu ya kitu kimoja tu, kidogo kama ngumi ya mtoto, ambacho wengi wenu hamjawahi kukiona ingawa mmekikalia miaka mingi. Nimekichagua kwa sababu leo asubuhi nililala chini ya hii HiAce yenu nikakikuta kimelowa.

Mwenyekiti ameniambia kwamba fundi mwingine amekwisha kuja. Alisema atamaliza kazi kwa nusu saa na kwa pesa kidogo, na Alhamisi gari lipande Iten na embe kama kawaida. Mimi nasema kazi yenyewe ni ya siku nzima, na itataka kitu kipya kutoka dukani. Najua mnajiuliza nani kati yetu anawala pesa. Hiyo ni haki yenu, pesa ni za kikundi. Basi nisikilizeni kwanza, halafu mtaamua wenyewe.

Hicho kitu kinaitwa valvu ya kugawa breki. Muuza spea ukimwambia "proposheni valvu ya breki za nyuma" atakuelewa. Kwa gari kama hili imefungwa chini ya sakafu, karibu na ekseli ya nyuma. Mafuta ya breki yanatoka kwa masta silinda pale mbele, yanapita ndani ya hiyo valvu, ndipo yanaenda kwa magurudumu ya nyuma. Kutoka kwa valvu kuna fimbo ndogo au springi inayoshuka mpaka kwenye ekseli. Hiyo fimbo ndiyo macho yake. Gari likipakiwa, sakafu inashuka karibu na ekseli, fimbo inasukumwa, na valvu inajua kwamba leo kuna mzigo. Gari likiwa tupu, sakafu iko juu, nayo inajua kwamba leo hakuna kitu.

Na kwa nini ijue? Mama, ukiwa umekaa kwenye matatu na dereva apige breki ghafula, unaenda wapi? Unaenda mbele, na kikapu chako kinaenda mbele. Hata gari lenyewe linafanya hivyo. Uzito wote unakimbilia magurudumu ya mbele, na nyuma kunakuwa kwepesi. Sasa kama magurudumu ya nyuma yatapewa presha sawa na ya mbele wakati ni mepesi, yatafunga, yaani yataacha kuzunguka na kuanza kuburura. Gurudumu linaloburura halishiki barabara. Nyuma ya gari inatangulia mbele, na dereva anajikuta anaangalia alikotoka. Kwenye matope au lami yenye maji hiyo ni kufumba na kufumbua.

Lakini gari likiwa limejaa embe na watu, nyuma ni kuzito, na hapo breki za nyuma zinatakiwa zifanye kazi kwa nguvu zaidi. Valvu ndiyo inapima. Dereva akikanyaga pole inaachilia presha ipite kama ilivyo. Akikanyaga kwa nguvu inaanza kupunguza ile inayokwenda nyuma, na inapunguza kidogo au sana kulingana na vile fimbo inavyoiambia.

Sasa niwaambie ile kazi ya nusu saa ni gani, maana mimi nimeifanya.

Ilikuwa mwaka wa 1997, wakati wa zile mvua za El Nino. Nilikuwa kijana, nimetoka kujifunza kazi, na nilijiona fundi. Kikundi kimoja cha akina mama kilileta Nissan inayovuja mafuta ya breki nyuma. Ilikuwa jioni na soko lilikuwa kesho yake. Spea hakuna. Nikafungua paipu ya nyuma, nikatia goroli ya baiskeli ndani ya ile nati, nikakaza. Mafuta yakakoma. Pedali ikasimama juu, ngumu, nzuri kuliko mbele. Nikalipwa na nikapewa chai.

Mnajua ile barabara ya kutoka Iten kuja huku chini. Iten iko kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na mto Kerio uko zaidi ya mita 1,000 chini yake, na barabara inateremka ukutani tu, kona juu ya kona. Lile gari lilikuwa linarudi limejaa watu, unga na magunia. Kazi yote ya breki ilikuwa mikononi mwa magurudumu mawili ya mbele. Walipopita Tambach breki zilikuwa zinanuka. Zikapata moto mpaka mafuta ndani yakachemka, na mafuta yakichemka yanatoa mvuke. Mvuke unabanwa kama mpira, haupeleki presha mahali popote. Dereva alikanyaga, pedali ikaenda mpaka chini. Alikuwa mtu mwenye akili, akaligongesha gari kwenye ukingo wa juu badala ya kuliachia bonde. Hakuna aliyekufa. Mama mmoja alivunjika mfupa wa paja, na mpaka leo anatembea na fimbo.

Nilikaa miaka minne kabla ya kwenda kumwambia juu ya goroli. Aliniuliza swali moja tu: dereva alijua? Dereva hakujua. Sikumwambia. Nilimwachia gari lenye breki nusu, na pedali ikimdanganya kwamba zote ziko.

Hiyo ndiyo sababu nasema goroli hairekebishi breki. Inarekebisha pedali tu. Na ile njia nyingine, ya kuondoa valvu kabisa na kuunganisha paipu moja kwa moja, ni ndugu yake. Hiyo inaleta ile shida nyingine niliyosema: siku gari ni tupu na mvua imenyesha, nyuma inafunga na gari linazunguka. Fundi atakuambia, "Mbona magari mengi yametembea hivyo?" Ni kweli yametembea. Swali ni yamesimama namna gani.

Basi tuseme gari lenu linapunguza mafuta ya breki. Dereva anajaza kile chupa juu, baada ya siku chache kiwango kimeshuka tena. Msikubali kujaza tu. Mafuta ya breki hayaliwi kama petroli. Viatu vya breki vikiisha yatashuka kidogo, polepole, kwa miezi. Yakishuka kwa siku au kwa juma moja, yanavuja mahali. Angalieni kwanza ndani ya magurudumu, kama kuna unyevu kwenye ukuta wa tairi upande wa ndani au chini ya dramu. Angalieni mipira ya breki. Kama huko kote ni kukavu, nendeni kwa hiyo valvu.

Lisimamisheni gari mahali tambarare, mkaweke mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Ikiwa mtu ataingia chini, gari likae juu ya stendi au magogo mazito, siyo juu ya jeki peke yake. Nimezika rafiki kwa sababu ya jeki, sitaongeza neno. Osheni valvu na paipu zake, toeni matope yote, mkaushe kwa kitambaa safi. Halafu mmoja awashe injini, akanyage pedali kwa nguvu na kuishikilia dakika moja. Mwingine aangalie na tochi. Wekeni kadibodi kavu chini yake.

Ukiona tone, jua kwanza ni la nini. Mafuta ya breki ni mepesi, yanateleza kidoleni, na ukimwagia maji yanaosheka. Mafuta ya difu ni mazito, yananuka vibaya, na maji hayayaondoi. Nimeona watu wamenunua valvu bure kumbe ni difu iliyokuwa inatema.

Kisha uangalie tone linatokea wapi. Kama ni pale nati ya paipu inapoingia, pengine imelegea, au mdomo wa paipu umepasuka. Ikaze kidogo kwa spana yake. Ikiendelea kuvuja usiikaze zaidi, utavunja uzi, na sasa una shida mbili. Paipu ibadilishwe. Na paipu ya breki ni ya chuma iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, mdomo wake umekunjwa kwa kifaa chake. Siyo paipu ya friji. Siyo ya kuchomelea.

Lakini kama mafuta yanatokea pale fimbo inapoingia kwenye valvu, chini ya kile kikofia cha raba, basi hakuna nati ya kukaza. Sili za ndani zimekwisha. Hiyo ndiyo hali ya gari lenu. Nilipokivuta hicho kikofia kidogo, mafuta yalimwagika mkononi.

Sili zinaisha kwa nini? Sababu ya kwanza ni uzee. Ya pili ni maji. Mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4 yana tabia ya kunywa unyevu kutoka hewani. Yakizeeka ndani ya gari yana maji, na maji yanaleta kutu, na kutu inatoboa vishimo kwenye ukuta laini ambamo sili inateleza. Tena hayo maji yanaharakisha kuchemka. DOT 3 mpya haitakiwi kuchemka kabla ya digrii 205, lakini ikishanywa maji kipimo chake kinashuka mpaka digrii 140. Kwa hivyo mafuta yabadilishwe yote kila baada ya miaka miwili, hata kama hayavuji. Sababu ya tatu ni sisi wenyewe: mtu amekosa mafuta ya breki njiani akatia mafuta ya injini. Raba ya breki ikiguswa na mafuta ya injini au dizeli inavimba kama maharagwe yaliyolowekwa. Hapo siyo valvu peke yake, ni kila raba katika mfumo mzima.

Je, valvu ifunguliwe itiwe sili mpya, au inunuliwe nzima? Kwa magari mengine sili zake zinauzwa. Lakini kwa gari la umri huu, nikifungua na kukuta ukuta wa ndani una kishimo hata kimoja, sitii sili, kwa maana kishimo kitaikata tena. Na msikubali fundi apige msasa ndani humo. Mara nyingi mwisho wake ni kununua valvu nzima. Chukueni ile ya zamani mwende nayo dukani, pamoja na namba ya chesisi, kwa sababu valvu ya gari lingine inaweza kuingia vizuri kabisa na bado ipime vibaya. Na ile iliyotolewa kwenye gari bovu? Ni rahisi kwa bei, lakini raba zake zina umri sawa na za kwenu. Mimi siinunui.

Kabla fundi hajafungua chochote, apime urefu wa ile fimbo kutoka kwa valvu mpaka ekseli, na atie alama ya rangi pale inapofungwa. Hiyo ndiyo kipimo cha macho yake. Akifunga mpya kwa urefu mwingine, valvu itaona mzigo usiokuwepo, au haitauona uliopo. Nati za paipu kwa gari la Kijapani mara nyingi ni za spana namba 10. Atumie ile spana ya paipu inayoshika pande nyingi, na kama zimeshika kutu azipulizie mafuta ya kulegeza tangu jana yake. Paipu zikishafunguliwa azibe midomo kwa kitu safi ili vumbi lisiingie. Mafuta ya breki yakidondokea rangi ya gari yaoshwe kwa maji mara moja, la sivyo rangi itabanduka.

Nikiwa chini ya gari lenu niliona jambo lingine, na hili lisikilizeni sana kwa maana si la gari lenu tu. Mmeongeza majani ya springi nyuma. Najua kwa nini: barabara ni mbaya na embe ni nzito. Lakini fikirini. Macho ya valvu ni ule mshuko wa sakafu. Mkiongeza springi, gari linapakiwa mpaka juu na sakafu haishuki. Valvu inaambiwa, "Leo hakuna mzigo." Inabana presha ya nyuma siku ile ile mnayoihitaji. Mnateremka mmejaa, breki za mbele ndizo zinafanya kazi karibu yote, na mmefika karibu na pale pa goroli bila goroli. Hata valvu mpya haitaponya hiyo. Toeni hayo majani, mpakie kwa kiasi cha gari. Kama hamwezi kuyatoa, basi fimbo irekebishwe na karakana yenye geji za kupima presha ya mbele na ya nyuma, siyo kwa kukisia. Na mkumbuke matope: nimekuta fimbo zilizoganda kwa udongo mkavu, haziendi juu wala chini. Dereva aoshe pale kila juma wakati wa mvua, aisukume kwa mkono aone inacheza.

Valvu ikishafungwa ni kutoa hewa. Hapa watu wengi hukosea kwa sababu wameinua gari na magurudumu yananing'inia. Gari likininginia hivyo, valvu inadhani gari ni tupu kuliko tupu, inabana, na hewa haitoki vizuri. Ekseli iwe imebeba uzito, yaani magurudumu yakae chini au stendi zikae chini ya ekseli yenyewe. Anzeni na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Kwa gari la usukani wa kulia ni la nyuma kushoto, halafu nyuma kulia, halafu mbele. Kama valvu yenyewe ina nipeli ya kutolea hewa, msiisahau. Mpira mwangavu uingie kwenye nipeli na mwisho wake uzame kwenye chupa yenye mafuta safi kidogo. Mmoja anakanyaga na kushikilia, mwingine anafungua, anafunga, ndipo pedali inaachiliwa. Mwenye pedali asiachilie kabla ya kuambiwa. Kwa gari la zamani wekeni kipande cha mbao chini ya pedali isifike sakafuni, kwa maana masta silinda ina kutu pale ambapo haijafika miaka mingi, na sili zake zitakatika. Kile chupa juu kisikauke hata mara moja. Na yale mafuta yaliyotoka msiyarudishe, hata yakionekana masafi.

Halafu jaribuni. Kwanza pale pale, kukanyaga kwa nguvu na kadibodi kavu chini, kama mwanzo. Kisha kwenye uwanja usio na watoto, mwendo mdogo tu, kama kilomita 20 kwa saa, gari tupu, dereva akanyage kwa nguvu na mtu asimame kando mbali aangalie. Ya nyuma yasifunge kabla ya ya mbele. Yakifunga kwanza, kazi haijaisha. Kesho yake mwangalie tena kama pamekauka.

Nilipomaliza hapo mzee mmoja ameniuliza, je, na kama tone ni moja tu kwa siku, Alhamisi haiwezi kupita kwanza? Mzee wangu, masta silinda ya gari hili ina vyumba viwili, cha mbele na cha nyuma. Tone moja likiwa linatoka gari limesimama, wakati wa kukanyaga kwa nguvu kwenye kona ni mengi. Chumba cha nyuma kikiisha, pedali inazama karibu mpaka chini ndipo ya mbele yashike. Kwenye tambarare utasimama kwa mbali. Kwa ile barabara ya Tambach sitakuambia upite.

Na mama mweka hazina ameuliza pesa itoke wapi, kwa kuwa bei ya valvu ni karibu mapato ya safari nzima. Mama, sina jibu tamu. Ulizeni bei kwa maduka matatu, risiti iandikwe jina la kikundi na ile valvu ya zamani irudi mikononi mwenu mwione kwamba kweli imebadilishwa. Alhamisi kodini gari lingine mgawane gharama na kikundi cha ng'ambo, wao pia wana embe. Na nunueni daftari moja la gari. Kila fundi akigusa breki aandike amefanya nini, dereva asome na atie sahihi. Mimi nitaandika wa kwanza.

Sasa naomba tutoke nje, gari liko chini ya mgunga. Dereva alete tochi na ile kadibodi. Akina mama pia mje mchungulie, mmoja mmoja, na mweka hazina aanze, kwa maana ndiye atakayeuliza maswali dukani.